Injini ya Shangazi

Kituoni walikuwa bado wanacheka Inspekta alipochukua kofia yake. Sajini wa zamu alikuwa amekisimulia kisa kile tangu asubuhi, na kila akisimulia alikiongezea chumvi. Mama mmoja mtu mzima, haoni, kaletwa na dereva wa teksi aliyemshika mkono hadi kaunta, karipoti kwamba injini ya gari la marehemu mumewe imeibwa. Sajini kamuuliza gari liko wapi. Mama kajibu liko nyumbani. Kamuuliza kama linawaka. Mama kajibu linawaka, tena vizuri kuliko zamani, na hapo ndipo alipojua kwamba ameibiwa.

“Afande,” sajini alisema akifuta machozi, “nimeshika wezi wa kuku, nimeshika wezi wa mbuzi. Mwizi anayechukua injini mbovu akakuachia nzima, huyo akipatikana naomba namba yake ya simu.”

Mkuu wa kituo hakucheka, alikuwa na haraka. Binti wa yule mama alikuwa amempigia simu kuomba radhi na kueleza kwamba mama yake amechanganyikiwa tangu afiwe.

“Nenda, msikilize, urudi tulifunge hilo faili,” alisema. “Mwenye macho haambiwi tazama. Gari lipo, injini imo, wizi uko wapi?”

Inspekta hakubisha. Alikuwa mtu wa kuchelewa kuamini, na wa kuchelewa zaidi kukataa, jambo lililowachosha wakubwa zake wote.

Nje ya geti la nyumba ile palikuwa na lori dogo la vyuma chakavu. Mwenye lori alikuwa amejilaza kwenye usukani, na walinzi wa mtaa mzima walimjua kwa jina la Kilo. Ndani, barazani, mama mwenye nyumba, waliyemwita Bi Mkubwa, alikuwa ameketi wima na kikombe cha chai mapajani. Kando ya mlango palikuwa na sanduku la nguo lililofungwa kwa mkanda.

“Kaa kiti cha huku, mwanangu,” Bi Mkubwa alisema kabla Inspekta hajajitambulisha. “Hicho kingine mguu wake umeoza. Wewe ndiye polisi uliyetumwa kuja kuninyamazisha?”

“Nimetumwa kukusikiliza, mama.”

“Haya, tutaona.”

Inspekta akakaa. “Umejuaje kwamba injini si yenyewe?”

“Gari letu tunaliita Shangazi,” alisema. “Marehemu ndiye aliyelipa jina, kwa sababu linakuja linapotaka na lazima ulipokee vizuri. Kila Jumamosi Fundi wetu huja kuliwasha, na mimi nakaa hapa na chai yangu. Injini ya mume wangu inakohoa kwanza. Halafu inakohoa tena. Ikitulia, kuna kitu kinagonga huko chini, polepole, kama baba aliyechelewa kurudi na hataki kuamsha watoto. Nimeisikia tangu binti yangu yuko tumboni. Juzijuzi nilikwenda kukaa kwake wiki mbili, wakanipeleka kliniki ya macho. Nimerudi, Fundi kawasha. Haikukohoa. Haikugonga. Inaimba.”

“Labda Fundi aliitengeneza ulipokuwa hupo.”

“Nilimuuliza. Akasema hajaigusa.”

Inspekta aliyarudia maneno hayo taratibu. Fundi gani anatengeneza gari vizuri hivyo halafu akatae sifa? Mafundi aliowajua yeye walijisifu hata kwa kazi walizoharibu.

Binti akatoka ndani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na mtaani wote walimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala vizuri. Alimsalimia Inspekta kwa heshima, akaomba radhi kwa usumbufu, kisha akampeleka pembeni, ingawa mama yake alisikia kila neno na wote watatu walijua hivyo.

“Afande, hesabu yake ni rahisi. Baba alikuwa na injini nne za aina moja. Gari kama Shangazi likifia popote, yeye alikwenda kununua injini yake, iwe akiba. Kila moja aliipaka rangi mfuniko wa juu tusizichanganye. Buluu ndiyo iliyo kwenye gari. Stoo kuna Kijani, Njano na Nyekundu. Tumekua tukizitaja hivyo, kama ndugu zetu. Nimezihesabu kwa mkono wangu: Buluu imo garini, tatu zimo stoo. Hakuna kilichopungua.”

“Na lile lori?”

“Zile tatu zinaondoka leo. Nimewauliza watu wanaopenda magari ya zamani, kila mmoja anasema fikiria kwanza, subiri, atatokea mtu mwenye gari kama hilo. Nimechoka kusubiri. Na Mama anakuja kuishi kwangu leo hii, siwezi kufunga nyumba na vyuma vyote hivyo. Hata Fundi mwenyewe alisema ni bora ziondolewe.”

“Alisema lini?”

Mwalimu alifikiri. “Tuliporudi kutoka kliniki. Ajabu, kwa kweli. Miaka yote alikuwa anatuambia ukitupa hata moja umemtupa Shangazi.”

“Mama yako anakubali kuhama?”

“Anakataa,” alijibu Bi Mkubwa kutoka kitini. “Hapa mimi si kipofu, mwanangu. Najua jiko liko wapi, najua ngazi, najua kuta zote. Kwake ndiko nitakuwa kipofu. Lakini anayesikia injini zisizokuwepo haachwi peke yake na jiko la gesi. Si ndivyo ulivyosema kwenye simu, binti yangu?”

Mwalimu aliinamisha uso. Machozi yalimjaa machoni, akayafuta haraka kwa kiganja. “Siku moja nitakuja nikukute umeungua, Mama. Niwaambie nini wanangu?”

Basi hapo Inspekta akaelewa lililokuwa mezani. Akisema hakuna wizi, sanduku lile linaingia garini, na mama huyu anahesabiwa kuwa akili imemruka kwa maisha yake yote yaliyobaki. Alisimama akaenda getini.

Kilo aliteremka kwenye lori kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea kuulizwa maswali na polisi.

“Wiki mbili hizi mama alipokuwa hayupo, ulifika hapa?”

“Nilifika, afande. Fundi aliniita nije nizione injini.”

“Uliingia stoo peke yako?”

“Niliingia naye. Sasa naona unakoelekea, na mimi nakwambia ukweli. Mimi nanunua kwa uzito. Injini ya waziri na injini ya mwizi, kwangu zote ni kilo. Nibadilishe moja kwa nyingine ili nipate nini?”

Hilo lilikuwa na mantiki. Inspekta alikuwa ameweka matumaini kidogo kwa Kilo, kwa vile uso wake ulifaa, lakini uso si ushahidi.

“Kuna chochote ulichokiona huko stoo?”

“Niliona oili, ndiyo. Ile ya kijani ilikuwa inadondosha. Nikamwambia Fundi aweke kopo chini isije ikachafua lori langu siku ya kubeba. Akanijibu kwa hasira. Nikashangaa, maana yule mzee hata nyundo ikimwangukia mguuni huwa hakasiriki.”

Injini iliyokaa stoo miaka mingi inadondosha oili. Inspekta alishukuru, akarudi ndani, akaelekea gereji iliyokuwa ubavuni mwa nyumba.

Shangazi alikuwa ameegeshwa katikati, mweupe kama maziwa, kioo cha mbele kikiwa kimepanguswa mpaka kinaumiza macho. Kando yake alisimama Fundi, mtu mnene aliyepita makamo, akifuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. Alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujana.

“Karibu, afande. Shemeji yangu ametusumbua, lakini ni uchungu wa msiba.”

“Fungua boneti, tafadhali.”

Mfuniko wa buluu uling’aa. Inspekta aliomba kadi ya gari. Mwalimu aliyekuwa amewafuata akaileta, na Inspekta akainama kulinganisha namba. Haikuoana. Alijiinua.

“Namba hii siyo.”

“Haiwezi kuoana,” Mwalimu alisema. “Kwenye kadi ni ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Hiyo ilikufa kabla mimi sijazaliwa, na Baba hakuwahi kwenda kubadilisha kadi. Hata ukienda stoo hutaikuta.”

Inspekta akairudisha kadi. Ndoto yake ya kumaliza kazi kabla ya chakula ikayeyuka hapo hapo. Basi akarudi kwenye injini yenyewe, akaitazama bila haraka, juu mpaka chini, akitumia tochi ya simu. Bolti za mfuniko zilikuwa na mikwaruzo mipya vichwani. Hilo lingeweza kuwa na sababu mia. Lakini ubavuni mwa injini, kwenye tundu la bolti lisilotumika, palikuwa na udongo mkavu uliosilibwa vizuri. Aliugusa kwa ncha ya kalamu, ukamomonyoka.

“Hiki ni nini, Fundi?”

“Nyigu, afande. Wanapenda kujenga kwenye matundu.”

“Hujenga kwenye injini inayowashwa kila wiki, ikatetemeka na kupata moto?”

Fundi alihamishia spana mkono mwingine.

Inspekta akatazama juu. Boriti ya chuma ilipita kati ya kuta mbili, na kutu yake ilikuwa nyekundu kila mahali isipokuwa katikati, ambako mnyororo ulikuwa umeisugua ikang’aa. Winchi yenyewe ilikuwa imening’inizwa ukutani, imekunjwa vizuri.

“Mwalimu, winchi hii ilitumika lini mara ya mwisho?”

“Sijui. Enzi za Baba, nadhani.”

“Twendeni stoo.”

Stoo ilikuwa nyuma ya gereji. Fundi aliondoa turubai, na injini tatu zikaonekana juu ya magogo: Njano, Nyekundu na Kijani. Njano na Nyekundu zilikuwa na vumbi la miaka kutoka juu hadi chini. Kijani ilikuwa na vumbi kwenye mfuniko tu. Chini ya mfuniko ilikuwa nyeusi na yenye utelezi, na tope kavu la barabarani liligandia miguuni mwake. Ilikuwa kama mtu aliyetoka shambani na matope miguuni, akavaa kofia iliyokaa kabatini miaka.

Inspekta aliuliza swali lingine, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza.

“Fundi, hizi zikikaa muda mrefu si zinashika kutu ndani?”

“Ndiyo maana unazizungusha kwa mkono, afande. Kila mwezi unaweka oili kidogo kwenye silinda, unazungusha. Marehemu ndiye aliyenifundisha. Sijawahi kuacha.”

“Nionyeshe, tafadhali. Zote.”

Fundi akapiga magoti mbele ya Njano. Akaweka spana kwenye bolti ya puli, akavuta, injini ikazunguka bila kelele. Akahamia Nyekundu, ikazunguka vilevile. Kisha akasimama, akachukua kitambaa, akaanza kufuta mikono.

“Bado moja,” Inspekta alisema.

“Hiyo ni hivyo hivyo tu.”

“Basi haitachukua muda.”

Mikono ya Fundi ilisimama ndani ya kitambaa. Nje, Kilo alikuwa anapiga mluzi. Mwalimu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na ile sura ya kuomba radhi aliyokuwa nayo tangu asubuhi ikaanza kumtoka.

“Baba mdogo,” alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni. “Zungusha Kijani.”

“Haizunguki, mwanangu. Imenoki, imekamata ndani.” Aliketi kwenye gogo tupu, na gogo likalia. “Na siyo Kijani. Hiyo ni Buluu. Mfuniko tu ndio wa Kijani.”

Mwalimu aliweka mkono juu ya ule mfuniko wa kijani, akautoa haraka kana kwamba umemuunguza. Maisha yake yote aliijua injini kwa mfuniko wake. Haikuwahi kumpitikia kwamba mfuniko unashikwa na bolti chache, na kwamba unaweza kuvuliwa ukavikwa nyingine.

“Ilikuwaje?” Inspekta aliuliza.

“Niliipania iwe nzuri shemeji akirudi. Nikamwaga oili ya zamani nimwekee mpya. Kabla sijaweka, nikaitwa, gari la mtu limekwama njia panda. Nikaenda. Kesho yake nimekuja, ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi mimi huwasha. Nikawasha. Kavu kabisa. Nilipokumbuka, ilikuwa imeshakamata. Afande, mimi nimefundisha ufundi vijana wasiohesabika, na neno langu la kwanza kwa kila mmoja ni angalia oili.”

“Ukaitoa ukaweka ya Kijani.”

“Siku tatu, peke yangu na winchi. Nikabadilisha mifuniko. Ule mfuniko wa kijani niliubeba bila kuupangusa, ili hata vumbi libaki, mtu akichungulia stoo asione tofauti.” Akacheka kidogo bila furaha. “Kazi yote hiyo ya rangi na vumbi nilimfanyia mtu asiyeona. Hata sikuliwaza hilo. Nilikuwa nawaficha nyinyi wenye macho.”

“Na tukafichwa,” Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Lakini nilipokaa hapo barazani nikasema Mama amechanganyikiwa, wewe ulikuwepo. Ulikuwa unakunywa chai yetu. Ukanyamaza.”

“Nilinyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Kila kesho ikawa nzito kuliko jana yake. Halafu nikafikiri, zikichukuliwa na Kilo, basi imekwisha, hakuna atakayeumia.”

“Mimi nilikuwa nimeshafunga sanduku lake.”

Fundi alifunika uso kwa kile kitambaa cha oili. Alilia kama wanavyolia watu wazima wasiozoea, kwa mabega. Mwalimu alisimama juu yake kwa muda, hasira na huruma zikigombana usoni pake, na hakuna iliyoshinda.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa cha chuma. Inspekta alimshika Fundi begani akamsimamisha.

“Mimi sioni wizi hapa. Injini nne zilikuwepo, injini nne zipo. Lakini kuna mtu amekuja mpaka kituoni kwetu akachekwa. Maneno haya uyarudie mbele yake.”

Fundi aliyarudia barazani, amesimama, bila kuruka hata lile la kuitwa njia panda. Bi Mkubwa alisikiliza, kikombe kikiwa mapajani vilevile. Alipomaliza, Kilo, aliyekuwa amesogea hadi kwenye ngazi ili naye asipitwe, alivua kofia bila kujua ni kwa nini.

“Ilipokamata,” Bi Mkubwa aliuliza, “ilikohoa?”

“Ilikohoa, shemeji. Mara mbili. Halafu ikanyamaza.”

Bi Mkubwa alitikisa kichwa taratibu. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. “Marehemu naye hakuchukua muda,” alisema. Kisha akageuza uso upande aliokuwa Inspekta. “Mwanangu, sikuja kituoni kutafuta injini. Chuma huchakaa, mimi nimezika mwenye chuma. Nilikuja kutafuta mtu mmoja wa kuniambia kwamba ninachokisikia nakisikia.”

“Unakisikia, mama,” Inspekta alisema. “Sisi ndio tuliokuwa hatuoni.”

“Mama, nisamehe,” alisema Mwalimu. Alikuwa amepiga magoti kando ya kiti.

“Wewe ulikuwa unaogopa. Kuogopa si dhambi, lakini siku nyingine niulize mimi kabla ya kuwapigia simu polisi. Simama, utachafua gauni.” Alimpapasa kichwa, kisha akainua sauti. “Kilo yuko wapi? Naisikia pumzi yake.”

“Nipo, Bi Mkubwa.”

“Chukua ile iliyokufa. Mvue kwanza hiyo kofia ya watu, mfuniko wa kijani ubaki. Njano na Nyekundu hazitoki. Watu wanasema zimezidi. Hazijazidi. Leo tumeona kazi yake.”

“Na mimi, shemeji?” Fundi aliuliza. Alikuwa bado amesimama mahali pale pale, kama mwanafunzi aliyesahauliwa adhabu.

Bi Mkubwa alikunywa chai, akakuta imepoa, akaiweka chini.

“Wewe utakuja Jumamosi kama kawaida. Ila kuanzia leo, kabla hujawasha, kile kijiti cha kupimia oili unaniletea mimi. Nitakishika kwa vidole vyangu. Nikisema ipo, ndipo unawasha.”

Fundi akaenda gereji. Walimsikia akifungua boneti, kisha akarudi akitembea kwa uangalifu, kijiti mkononi, kiganja kimekingwa chini yake kisidondoshe. Akakiweka kwenye vidole vya Bi Mkubwa. Mama akakipapasa kutoka ncha kwenda juu, akasugua kidole gumba na cha shahada, akanusa.

“Ipo,” alisema. “Washa. Nianze kuizoea.”

Inspekta alikuwa ameshafika getini injini ilipoitika. Iliwaka mara moja, laini, bila kikohozi. Aligeuka kutazama. Bi Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anaisikiliza, na Mwalimu alikuwa analirudisha sanduku chumbani.